Kiti cha Dereva

Kupeleka kiti cha magurudumu ilikuwa kazi nyepesi. Unabisha hodi, watu wanakupokea kwa vifijo, mgonjwa anakalishwa, unaonyesha breki ilipo, unaaga. Kazi ngumu ilikuwa kwenda kukichukua, maana mara nyingi kilichukuliwa kwenye nyumba iliyotoka kuzika.

Spoku alizijua kazi zote mbili. Jina hilo alilipata enzi zake za ufundi baiskeli, likamganda hata alipoajiriwa na chama cha misaada cha mtaani kwao. Chama chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya zahanati: kimoja ofisi, kimoja stoo. Hakikugawa chakula wala nguo. Kiliziazima familia zenye wagonjwa vitu zisivyoweza kununua: vitanda vya kunyanyuka kichwani, magongo, magodoro, na viti vya magurudumu, navyo havikuzidi vinane. Sharti lilikuwa moja tu: ukimaliza shida yako rudisha, mwenzako anasubiri.

Safari hii aliyesubiri alikuwa mama mmoja mfua nguo, ambaye binti yake wa miaka kumi na mitatu hakuwahi kutembea. Alimbeba mgongoni tangu utotoni, na sasa miguu ya binti ilikuwa inaburura chini.

"Mimi sichoki," alisema siku aliyokuja kujiandikisha, huku ameegemea mlango kwa sababu kusimama wima kulimshinda. "Yeye ndiye hataki tena kubebwa. Anaona haya."

Bi Nesi, muuguzi mstaafu aliyekianzisha chama na ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga, alipitisha kidole kwenye orodha yake. Viti saba vilikuwa na wagonjwa. Cha nane kilikuwa kwa Mama Pacha, ambaye mumewe, dereva wa malori, alifariki miezi miwili nyuma.

"Kesho nenda," akamwambia Spoku.

Akaenda. Mama Pacha alimkaribisha kwa chai, akamsimulia jinsi marehemu alivyokiendesha kile kiti kama lori la tani kumi. Akirudi nyuma, lazima apige honi kwa mdomo. Akipita mlangoni, lazima amuulize mkewe kama kioo cha kushoto kimesalimika. Spoku alicheka mpaka akapaliwa. Kiti kilikuwa pale pale kwenye kona ya sebule, kimefunikwa shuka. Kila alipotaka kukitaja, alijikuta anaomba kikombe kingine.

"Ulikwenda kuchukua kiti," Bi Nesi alimwambia aliporudi, "umerudi na chai tumboni."

"Mama wa watu bado ana majonzi, Bi Nesi."

"Najua. Hata mimi nimezika. Ila majonzi hayana uzito wa mtoto wa miaka kumi na mitatu mgongoni."

Mara ya pili, Spoku alisikia redio ikiimba tangu barabarani. Alipobisha hodi, redio ikazimwa. Akabisha tena, na tena, kimya. Aliondoka akijiona kama askari aliyetumwa kumkamata bibi yake mzaa mama.

Mara ya tatu alipiga moyo konde akatoka asubuhi. Hakufika hata nyumbani. Alimwona Mama Pacha njiani, anatoka bombani, anasukuma kile kiti, na juu yake yamekaa madumu mawili ya maji yaliyofungwa kamba vizuri.

Damu ikamchemka. Kumbe! Binti wa watu anaburura miguu, na huku kiti kimegeuzwa mkokoteni! Akaharakisha ili amwite. Kabla hajafungua mdomo, gurudumu la mbele likakwama kwenye jiwe. Mama Pacha aliachia mkono mmoja ainame kulitoa. Papo hapo mwili wake ukalala upande mmoja, kama mlango uliong'oka bawaba. Akakidaka tena kile kishikio, akasimama pale, mikono yote miwili imeng'ang'ania, akihema.

Spoku naye akasimama. Ndipo alipoelewa kwamba mama yule hakuwa anakisukuma kiti. Kiti ndicho kilichokuwa kimemshikilia.

Alisogea taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama, akatazama madumu, akashusha pumzi. "Haya. Umenifumania."

Spoku alilitoa lile jiwe, akashika kishikio kimoja, mama akashika cha pili, wakaenda hadi nyumbani. Mama Pacha alipokaa sebuleni, alikaa kwa hatua tatu: kwanza mkono, kisha nyonga nzima, mwisho ile mbovu.

"Nyonga hii, mwaka wa pili sasa," alisema. "Mzee alipokuwa hai hakuna aliyejua. Watu walisema, tazama mke anavyompenda mumewe, hakiachi kiti hata dakika. Kumbe nimejishikiza. Yeye tu ndiye aliyejua. Aliniambia, 'Mke wangu, mimi abiria, na wewe abiria, hili gari halina dereva.'" Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. "Mnadhani nimekishikilia kwa ajili ya kumlilia. Kumlilia namlilia. Lakini nikikitoa hicho kiti, bombani nitafikaje?"

"Mbona hukutuambia?"

"Niseme nini, mwanangu? Mlinipa kitanda, mkanipa godoro, mkanipa kiti, miaka mitatu. Nije tena na nyonga yangu? Watasema nimekifanya chama shamba la baba yangu."

"Na wanao pacha je?"

"Wako mbali, kila mmoja na mzigo wake. Wakipiga simu nawaambia natembea kama msichana."

Spoku akamweleza, bila kupamba, habari za mfua nguo na bintiye. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho.

"Kichukue," alisema. "Kichukue sasa hivi, kabla moyo haujageuka."

"Sikichukui."

"Sasa wewe unataka nini, jamani? Mara tatu umekuja!"

"Nipe siku mbili."

Stoo kulikuwa na kile chuma cha miguu minne cha kushikilia wakati wa kutembea, mguu mmoja umevunjika, kimekaa mwaka mzima bila kuulizwa na mtu. Spoku alichomelea ule mguu, akafunga mbele magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, akatia breki za mkono na kikapu kinachobeba dumu moja dogo. Bi Nesi alikuja kuona kelele ni za nini. Spoku akamweleza yote.

Bi Nesi alivua miwani. "Nyumba ile nimeingia mara sita," alisema. "Nesi wa miaka thelathini, mimi. Nilimwangalia mgonjwa tu, aliyesimama nyuma yake sikumwona."

Siku ya pili walikwenda pamoja. Bi Nesi aliikagua ile nyonga, akaandika barua ya hospitali, na alipoambiwa "sitaki kusumbua" akajibu, "Nani amekuuliza unataka nini?" Mama Pacha alikijaribu kile chuma uani, akalalamika kwamba breki ya kulia ni kali. Spoku akailegeza. Mama akazunguka nacho mara mbili, akasema sasa inafaa, na kwamba kiti hakitoki bila yeye.

Kwa hiyo wakaenda wote kwa mfua nguo, chumba kimoja chenye kamba za nguo nje na mabeseni mlangoni. Mama Pacha ndiye aliyetoa maelekezo. "Kinavuta kushoto. Kwenye mteremko, geuka ushuke kinyumenyume. Na usiwaruhusu watu wakuegemee wakiongea, wewe si ukuta."

Binti alisikiliza yote. "Naweza kukiendesha mwenyewe?"

"Kwani unataka kuajiri dereva?"

Binti akaweka mikono kwenye magurudumu, akaenda, akagonga fremu ya mlango, akarudi nyuma, akajaribu tena, akatoka. Mama yake alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono ameikutanisha nyuma ya kiuno, pale alipozoea kuishika miguu ya mwanawe. Kisha akaishusha mwenyewe.

Nyonga ya Mama Pacha haikupona upesi. Hospitali walimpa dawa na mazoezi, wakamwandika kwenye foleni ya upasuaji, nayo ni ndefu. Lakini jioni ile ya kupeleka kiti aliwapigia pacha wake simu, akawaambia ukweli. Mmoja alikuja wiki iliyofuata, akiwa amenuna kwa sababu alifichwa, na akakaa mwezi mzima.