Njia ya Shaibu

Shaibu alizaliwa Ijumaa, mwaka wa sitini na sita, katika kijiji cha wakulima jirani na Kilambo, pale mpunga unapolimwa mpaka kwenye ukingo wa Ruvuma. Mama yake, Somoe, alikuwa na miaka kumi na tisa, na huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto alilia vizuri, akanyonya vizuri. Mkunga, shangazi wa mumewe, akamkata kitovu, akamwosha, akamfunga winda, kisha akampa baba yake amwadhinie. Hakuna aliyemgeuza kumtazama nyuma. Nani angefikiria?

Jumamosi winda lilikuwa na mkojo tu. Jumapili vilevile. Shangazi akasema wapo watoto wanaochelewa, tena huyu ni wa kiume, wa kiume ni wavivu. Jioni yake mtoto akaanza kutapika. Kwanza maziwa, halafu kitu cha kijani kama kisamvu kilichotwangwa. Tumbo lilijaa, likang'aa, mishipa ikajichora juu yake. Somoe hakumngoja mtu. Alimfungua mwanawe, akamlaza kifudifudi mapajani, akamtazama. Palipotakiwa kuwa na tundu palikuwa na ngozi tupu, na kijishimo kidogo kama alama ya kidole kwenye udongo mbichi.

Hakupiga kelele. Alimfunga tena, akaenda kwa mama yake mzazi, nyumba ya tatu.

"Mama," akasema, "mwanangu hana njia."

Kulipopambazuka walianza safari, yeye, mama yake, na Mfaume, mumewe. Walikwenda kwa miguu mpaka barabarani, wakapata lori lililokuwa likitoka mpakani, wakafika hospitali ya misheni mchana. Aliyewapokea alikuwa nesi mmoja mfupi aitwaye Rozalia, mtu wa upande wa Songea, mwenye sauti ya kuamrisha. Alilegeza winda, akatazama mara moja, akawainulia macho.

"Siku tatu mmekaa naye?"

"Tulidhani atapata choo," Mfaume akajibu.

"Apatie wapi?" Rozalia akasema. "Mtoto akizaliwa anageuzwa, anatazamwa. Basi. Hata dakika haiishi." Akamchukua mtoto akaondoka naye akikimbia.

Daktari alikuwa Mholanzi, mrefu, mwenye mikono myekundu. Somoe alichungulia mlangoni, akamwona amemshika Shaibu miguu, kichwa kinaning'inia chini kama kuku wa sokoni, na mtu mwingine anampiga picha kwa mashine kubwa. Akadhani wanamuua. Rozalia ndiye aliyemshika bega na kumweleza: mtoto akiwekwa hivyo, hewa iliyomo tumboni hupanda, na picha inaonyesha utumbo umeishia wapi. Na wa Shaibu ulikuwa umeishia mbali, juu sana. Kutoboa chini haikuwezekana kwa sasa, kwa kuwa alikuwa mdogo mno na amechoka. Daktari angeutoa utumbo kwa ubavuni, upande wa kushoto, uchafu upite hapo.

"Siku zote?" Somoe akauliza.

Rozalia akamtafsiria daktari, kisha akarudisha jibu. "Anasema mwaka mmoja. Akifikisha mwaka, mlete. Atamtengenezea njia ya chini, halafu hii ya ubavuni ataifunga."

Mwaka mmoja. Somoe aliyashika maneno hayo akarudi nayo nyumbani.

Kumtunza mtoto yule kulikuwa kazi isiyo na mapumziko. Ubavuni palikuwa na kinyama chekundu, kibichi, kama ndani ya shavu la mtu, na hapo choo kilitoka wakati wowote, hakina saa. Somoe alichana kanga zake za harusi akapata vitambaa. Alifua, akaanika, akafua. Ngozi ilipochubuka alimpaka mafuta ya nazi. Harufu iliingia kwenye mikeka na kwenye nywele zake. Mfaume alivumilia miezi minne. Siku moja akarudi kutoka msikitini, akakaa kizingitini, akasema bila kumtazama:

"Mama Shaibu, katika ukoo wetu hajazaliwa mtu wa namna hii."

"Na katika ukoo wetu hajazaliwa."

"Basi mimi sijui ametoka wapi."

Wiki hiyo alimpa talaka, akahamia Mikindani, akapata kazi na mke mwingine. Somoe akarudi kwa mama yake.

Mtoto alipofikisha mwaka, Somoe alimpeleka kama alivyoagizwa. Mholanzi hakuwepo, alikuwa amerudi kwao na hakuna aliyejua kama atarejea. Wodi ilikuwa imejaa watu wa ng'ambo ya mto, waliokimbia vita, wengine miguu imekatika kwa mabomu yaliyofukiwa njiani. Wamelazwa mpaka sakafuni. Daktari mpya alisimama mlangoni tu akamtazama Shaibu, akasema mtoto anakula, anapata choo, haumwi. Arudi baada ya miezi sita. Somoe akarudi baada ya miezi sita, akaambiwa baada ya masika. Akaja baada ya masika. Safari hiyo Rozalia naye alikuwa amehamishwa, na karani alitafuta kadi ya mtoto, akaikosa, akasema bila kadi hawezi kujua huyu ni mgonjwa wa nini. Somoe akamfunua mtoto nguo palepale dirishani. Karani akageuza uso.

"Njoo siku nyingine, mama," akasema.

Baada ya hapo hakwenda tena. Si kwamba alikata shauri asiende. Shamba lilimngoja, mama yake aliumwa macho, mwaka ukapita, na mwingine. Shaibu akakua, mwembamba, mwepesi wa kucheka, anayejua kuhesabu mpaka mia kabla hajatimiza miaka mitano. Watoto wenzake walimwita Kinuka. Alipoanza shule alidumu siku nne. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani, kijana mpole, akasema kwa aibu kuwa wenzake hawataki kukaa naye benchi moja, na yeye hana la kufanya.

Tangu siku hiyo Shaibu aliacha kucheka ovyo. Akawa anakaa nyuma ya nyumba, anachora namba mchangani kwa kijiti.

Siku moja ya mwaka wa sabini na tatu, Somoe akiwa anapalilia mihogo, mjumbe alipita kwa baiskeli akitangaza, "Jiandaeni! Operesheni inakuja! Hakuna atakayebaki!"

Somoe akatupa jembe, akamkimbilia. "Ya watoto nayo imo?"

"Watoto, wazee, wote," mjumbe akasema.

"Daktari gani anakuja?"

Mjumbe akamtazama kwanza, kisha akaangua kicheko, na wanawake wa shamba la pili nao wakacheka. Ilikuwa operesheni ya kuhamia vijijini. Kabla mwezi haujaisha, Somoe aliiacha mikorosho aliyoipanda marehemu baba yake, ikiwa imechanua, akaenda kujenga kibanda kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari. Watu walilia. Yeye hakulia, alikuwa bado anasikia kile kicheko.

Lakini kijiji kile kilikuwa na zahanati, na aliyekaa humo alikuwa Rozalia, sasa mnene, mvi zimeanza. Somoe alimpeleka mama yake kuwekewa dawa ya macho. Rozalia akamtazama, akamtazama na mtoto aliyemshika mkono, akainuka kitini.

"Mama Shaibu? Bado?"

"Bado."

"Mungu wangu. Mimi nilidhani huyu mtoto alishafariki."

Siku ileile aliandika barua. Hospitali ya misheni ilikuwa imepata daktari wa upasuaji aitwaye Mathayo, Mtanzania, aliyesomea watoto hasa. Alimpima Shaibu kwa utulivu, akampiga picha, akamchomachoma kwa sindano kuona nyama za chini kama zinajikunja. Kisha akamgeukia mama, na sauti yake ikawa kali.

"Hii ilitakiwa kufanywa miaka sita iliyopita. Mlikuwa wapi?"

"Nilikuja, daktari."

"Nani alikukataza?"

"Hakuna aliyenikataza. Waliniambia nije siku nyingine."

Daktari Mathayo akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema mtoto ana bahati, nyama zipo, ingawa zimelala kwa kukaa bila kazi. Atapasuliwa mara mbili: kwanza kuushusha utumbo mpaka chini, halafu, pakishapona vizuri, kufunga ubavuni.

Upasuaji wa kwanza ulichukua asubuhi nzima. Shaibu akaamka, akaomba maji. Somoe alidhani shida imekwisha. Kumbe siku ya kumi na tano Rozalia alikuja hospitali kwa ajili yake, akamkalisha, akamwonyesha vyuma vitano vilivyofungwa kwenye kitambaa. Laini, vya mviringo, kimoja chembamba kama penseli, cha mwisho kama dole gumba.

"Kovu linajikaza," Rozalia akaeleza. "Likiachwa, njia inaziba, na kazi yote inapotea. Inabidi ipanuliwe, asubuhi na jioni, miezi mitano. Unaanza na hiki chembamba."

"Nani atafanya?"

"Wewe."

"Dada Rozalia, nisamehe. Fanya wewe."

"Mimi nina zahanati na watu mia tatu. Hii inataka mkono wa mama."

Basi ikawa mkono wa mama. Asubuhi na jioni, katika kile kibanda kipya, bibi alishika miguu, Somoe akapaka mafuta chuma. Majirani walisikia. Shaibu alikuwa na miaka minane, anajua kusema kila kitu, na alisema kila kitu. Alimwomba kwa Mungu na Mtume. Aliahidi atafua vitambaa mwenyewe maisha yote. Alimwambia, "Si mama yangu wewe!" Siku moja alikimbilia kwenye mihogo, wakamrudisha watu wazima wawili wamembeba juujuu. Somoe aliacha kula asubuhi, maana alikuwa akitapika. Lakini hakuruka zamu hata mara moja. Alifikiri: akipona atajua.

Mwezi wa tatu Shaibu aliacha kulia. Alilala mwenyewe, akageukia ukuta, akangoja. Shughuli ikiisha alivaa kaptula, akatoka, asimtazame mama yake siku nzima.

Upasuaji wa pili ulikuwa mwepesi. Ubavu ulifungwa, kukabaki kovu. Siku ya kwanza Shaibu alipokwenda chooni mwenyewe, kwa miguu yake, akafunga mlango wa makuti, Somoe alikaa nje chini akajifunika kanga usoni. Daktari Mathayo alisema mtoto atajichafua mara mojamoja akiharisha, lakini ataishi kama watu. Arudi kuonwa baada ya miezi sita.

Habari zilifika Mikindani. Mfaume alikuja kwa baiskeli, amevaa kanzu, na kofia mpya ya mtoto ndani ya mfuko wa karatasi. Akapokewa na kaka yake Somoe, mjomba wa mtoto. Akasema mwanawe amefikia umri wa jando. Angependa atahiriwe Mikindani pamoja na wenzake, kisha asome huko.

"Mwanao?" Somoe akauliza.

"Mama Shaibu, yaliyopita yamepita."

"Kwako wewe yamepita."

Mjomba akainua mkono wanyamaze. "Mtoto si mdogo. Aulizwe."

Shaibu aliitwa. Alisimama mlangoni, akamtazama yule mwanamume asiyemjua, akaitazama kofia.

"Huko wananijua?" akauliza.

"Hakuna anayekujua," Mfaume akasema.

"Nitakwenda."

Somoe alimfungia nguo zake. Akamsindikiza mpaka barabarani, na pale, baba yake alipokuwa anafunga mzigo kwenye baiskeli, Shaibu akamvuta kanga.

"Usije huko," akasema kwa sauti ndogo. "Watakuuliza wewe nani, na mimi nilikuwaje."

"Siwezi kuwaambia."

"Usije tu."

Alimwahidi. Lakini miezi sita ilipotimia, Rozalia alimsumbua: daktari anamngoja mtoto, lazima aonwe, njia isije ikajikaza. Somoe akaenda Mikindani. Aliulizia, akaonyeshwa nyumba ya mawe yenye baraza iliyobomoka upande mmoja. Mwanamke mwenye mimba alikuwa anapepeta mchele. Somoe akasalimu, akaomba maji ya kunywa, akayapata kwenye kata safi. Uwanjani mbele watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara, na mmoja wao alikuwa Shaibu, amenenepa, anapiga kelele kuliko wote.

"Wako?" Somoe akauliza.

"Yule mwenye kaptula ya bluu ni wa mume wangu," mwanamke akasema. "Mama yake alikufa. Lakini mtoto mwenyewe, mashaallah! Baba yake anasema tangu azaliwe hajawahi kuumwa hata kichwa."

Mpira ukabingirika hadi karibu na baraza. Shaibu akaufuata akikimbia, akainama, akaona miguu, akainua macho. Akamtazama mama yake kiasi cha kuvuta pumzi mara moja. Kisha akaokota mpira na kurudi kwa wenzake, hakukimbia tena, alitembea.

Somoe alimtazama anavyotembea. Alikwenda wima, hatua hazina shida, kaptula kavu. Hilo ndilo angempelekea Rozalia badala ya mtoto. Akamaliza maji, akarudisha kata.

"Ahsante, mama," akasema. "Mungu akuzidishie."

"Hujasema unatoka wapi, dada."

"Mbali," Somoe akajibu, akajifunga kanga, akaondoka kabla jua halijawa kali.