Jino Lililobaki la Mshonaji

Jumanne ile mshonaji alipong'olewa jino la juu, jina la marehemu mumewe lilitoka nalo. Aligundua jioni wakati wa kula, alipotaka kumtaja. Ulimi uligusa pengo ukarudi mtupu. Binti yake alimtajia lile jina mara tatu, na mara zote likapita masikioni kama upepo.

"Hutokea, mama," binti alisema, akaendelea kupakua.

Miezi minane baadaye jino lililopakana na pengo likaanza kucheza. Mshonaji alijua kilichomo: kicheko cha mumewe. Kila alipokata uzi kwa jino lile alikisikia, kifupi, cha mtu anayeficha mzaha.

Akarudi zahanati. Pale muuguzi aliwachoma ganzi wagonjwa wa benchi zima kabla daktari hajafika, kuokoa muda, na kila kadi aliigonga mhuri: KUNG'OA.

"Fungua mdomo, mama," daktari alisema.

"Sitaki kung'olewa."

"Ganzi imeshaingia. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mliyamwaga ninyi. Mimi nimekuja na jino langu."

Daktari akalitazama. Jino lilikuwa zima. Kilichoharibika ni ufizi, na mfupa chini yake ulikuwa umeliwa. Chuoni alifundishwa dawa yake: kufunua ufizi, kukwangua mzizi, kujaza unga wa mfupa, kushona, kisha kuuacha mfupa uote wenyewe. Hapa hakuwahi kuifanya, kwa sababu fomu ya mwezi ilikuwa na safu moja tu, ya meno yaliyong'olewa. Akafunga mlango, akanawa mikono upya.

Alipofika kwenye kushona ufizi, mshonaji aliifuata sindano kwa macho kwenye kioo cha taa.

"Unavuta mno, mwanangu," alisema kwa mdomo mzito. "Kitambaa laini hakivutwi hivyo. Kitakunjamana."

Daktari akalegeza uzi.

Mwisho wa mwezi aliliandika jino lile pamoja na yaliyong'olewa, maana hapakuwa na pengine pa kuliandika.

Ufizi ukaota taratibu. Mwezi wa sita tangu kushonwa, jino lilisimama imara kama msumari ukutani, na kicheko kikatoka kirefu kuliko zamani, hata mshonaji akinywa maji tu. Wateja walingoja kiishe ndipo waseme wanataka mikono mirefu au mifupi.

"Nani huyo?" mmoja aliuliza, akipimwa mabega.

"Mume wangu."

"Ana raha zake. Anaitwa nani?"

Mshonaji alipitisha ulimi kwenye pengo, akakaa nao pale kidogo.

"Alikuwa mtu wa mzaha," alisema. "Inua mkono."

Katika daftari la zahanati, mshonaji ana mapengo mawili. Jumanne watu bado hutoka pale mmoja mmoja, wameshika shavu, wakiulizana njia ya kwenda makwao.