Robo Saa kwa Kila Gemu

Brashi alikuwa na gemu ishirini na tatu ambazo hajawahi kuzicheza, nyingine bado zimevaa nailoni ya dukani. Kila alipomaliza kupaka rangi nyumba ya watu alijinunulia moja, akaipanga juu ya kabati na kusema ataicheza akipata nafasi. Nafasi yenyewe ikawa haiji. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye alingoja miaka sita.

Nafasi ilikuja siku daktari wa macho alipomwambia kwamba mishipa ya macho yote mawili inakufa, dawa hakuna, na ahesabu miezi michache tu. Brashi alirudisha ngazi na ndoo kwa tajiri wake, akajifungia ndani.

Dada yake, fundi cherehani, ndiye aliyekuja na mpango.

"Hizi gemu zako uzione zote kabla," alimwambia, na hakumalizia kabla ya nini.

Kila alasiri, akishafunika cherehani yake, angepita kwa mdogo wake. Wangefungua gemu moja na kuicheza robo saa, basi, kesho nyingine. Padi ya kuchezea angeishika dada, ili Brashi awe na kazi moja tu ya kutazama. Mwisho kila mmoja angesema neno lake, jinsi alivyoiona gemu kwa mara ya kwanza. Dada alitangulia kusema kwa sababu ndiye mkubwa, na kwao mkubwa hatanguliwi. Maneno yote aliyaandika nyuma ya daftari la vipimo, baada ya vifua na viuno vya wateja.

"Joka jekundu hili lina meno mengi bure," alisema siku moja.

"Na wekundu wenyewe ni wa mkono wa kwanza, dada. Hawakurudia kupaka."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Zilikuwa siku nzuri, kama siku za namna ile zinaweza kuitwa nzuri. Lakini kusema kweli alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma kwa kuinamia vitambaa kutwa nzima, nyumbani kulikuwa na vyombo vinamsubiri, na gemu zenyewe hakuzielewa hata kidogo. Alianza kutupia jicho kabatini akihesabu zilizobaki. Kila moja iliyopungua ilimpa nafuu, na ile nafuu ilimtia aibu.

Siku ya gemu ya kumi na tisa alifika amenuna. Mteja alikuwa amemrudishia gauni akidai mikono haiko sawa. Hakusalimia vizuri, akaweka gemu, akakaa. Kwenye runinga akatokea mfungwa ndani ya chumba cha saruji, ukuta mtupu pande zote, mlango wa chuma na ndoo. Dada alimzungusha mfungwa yule robo saa nzima asione pa kutokea. Nje ya ukuta ndege walilia, na maji yalisikika yakitiririka.

"Leo anza wewe," alisema, akitupa padi mkekani. "Mimi sina neno."

"Aa, dada, mkubwa hatanguliwi."

"Nimekuruhusu. Anza, niandike niende zangu."

Brashi alijiweka sawa mkekani, kisha akatabasamu.

"Msitu wao mzuri sana. Kijani kimetulia, hakipigi kelele. Halafu ule mto unavyong'aa pale chini ya miti! Hawa rangi wanaijua."

Dada aliitazama runinga, akamtazama mdogo wake. Brashi hakuwa ameielekezea runinga uso. Aliielekezea sikio.

"Tangu lini?" dada aliuliza.

"Tangu lini nini? Kwani ni jangwa?"

"Ni selo, mdogo wangu. Ukuta mtupu."

Brashi alicheka kidogo, kicheko kikamwishia mdomoni. "Tangu gemu ya sita," alisema.

"Wiki mbili!" Hasira zilimpanda dada kabla ya huruma. "Wiki mbili nakuja hapa mgongo unaniwaka moto, nakaa kukuchezea, na wewe huoni kitu! Umenifanya mjinga!"

Alijisikia akiyasema, na akatamani ardhi ipasuke. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, dada," Brashi alisema taratibu, "ungekuwa unakuja kufanya nini?"

Jibu lilikuwa jepesi, hata mtoto angelitoa. Dada alifungua mdomo. Akaikumbuka njia ndefu ya kuja pale, akauona mlundo wa vitambaa na vyombo vya nyumbani, na gemu chache zilizobaki juu ya kabati. Jibu alilipata, ila lilichelewa, na Brashi, ambaye sasa alibaki na masikio tu, aliusikia ule muda wote.

Alijitoa mikononi mwake polepole, akapapasa mkekani mpaka akaipata padi, akamkabidhi.

"Zimebaki nne," alisema. "Njoo unimalizie hizo, dada, halafu upumzike."