Msumari wa Shemeji

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Ndizo zilizonifanya ning'oe msumari wa shemeji yangu kwa koleo.

Klabu yetu ina kazi moja: kubeba wagonjwa kwa machela pale gari lisipofika, bila kuuliza mtu ni wa chama gani. Nje ya mlango wa chumba chetu cha mikutano kuna safu ya misumari, kila mwanachama na wake. Ukija na kofia ya chama chako, unaitundika hapo ndipo uingie. Na machela ikitoka, wabebaji wawili wa mbele lazima mmoja awe wa mtaa wa juu na mwingine wa bondeni, maana mitaa hii miwili haijawahi kumpigia kura mtu mmoja. Kila upande ukimwona mtu wake mbele, unafungua njia.

Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, ana bucha bondeni. Wakati wa kampeni alipanda jukwaani akamnadi mgombea wao. Kikaoni akaja kama kawaida, akatundika kofia, akakaa bila kugusia siasa. Mimi mwenyekiti ndiye niliyeshindwa kumeza. Nikasema mbele ya wote kwamba klabu haiwezi kukaa na mtu anayempinga mgombea wetu. Hilo "wetu" lilinitoka hivyo hivyo, na hakuna aliyenikosoa. Shemeji alinyanyuka, akachukua kofia yake, akaondoka. Wanachama wawili wa bondeni waliosalia wakamfuata. Nami nikaenda kutafuta koleo.

Asubuhi ya kutangazwa matokeo, binti yangu akashikwa na uchungu. Mkunga alimpima, kisha akanivuta pembeni.

"Mtoto amelala vibaya. Huyu ni wa kupasuliwa, mama, na ni sasa hivi."

Hospitali iko bondeni, na barabara zote zilikuwa zimezibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Tukambeba: mimi na kinyozi mbele, mwalimu na seremala nyuma. Wote wanne wa mtaa wa juu. Nililiona hilo kabla hatujavuka kizingiti, lakini nikaendelea. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini yangu yalifika kabla mjukuu hajazaliwa.

Darajani tulikuta wanaume kama kumi, fimbo mikononi.

"Simameni hapo!"

"Tuna mgonjwa," nikasema. "Hii ni machela ya klabu."

"Klabu tunaijua. Wetu yuko wapi?"

Kinyozi akanitazama. Mwalimu akatazama viatu vyake. Binti yangu akanishika mkono, kucha zikazama.

"Mama, mwite baba mdogo."

Bucha lilionekana ng'ambo ya daraja, mlango nusu wazi. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea.

"Shemeji, niko darajani. Nimembeba mwanao. Wametuzuia."

Simu ikakatwa. Nilijua kwamba mwanangu akifa pale, mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua, si wale wenye fimbo.

Kisha nikamwona anakuja, aproni ina damu, anajifuta mikono. Hakunisalimu. Aliinama juu ya machela.

"Mwanangu, nimefika. Pumua." Akamgeukia kinyozi. "Nipishe."

Akashika mti wa mbele, upande wa pili, sambamba nami. Mmoja wa wale wanaume akasogea.

"Wewe pita na mgonjwa, mzee. Huyu mama abaki. Maneno yake yametufikia."

Nilisubiri anikabidhi kwao. Angefanya hivyo, ningemlaumu kwa lipi?

"Machela hii huenda na wawili mbele," shemeji akasema. "Mmoja wenu, mmoja wao. Akibaki yeye, nabaki na mimi. Mtoto akifia hapa, kaburi mtachimba nyinyi."

Binti yangu akapiga yowe. Wakatazamana, kisha mmoja akatupa fimbo na kuanza kuondoa mawe.

Tulikaa kwenye benchi la hospitali, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Mchana muuguzi akatoka: msichana, mzima, na mama yake mzima. Nikalia bila aibu. Shemeji naye alifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa bado na damu ya bucha.

"Asante, shemeji," nikasema. "Alhamisi tuna kikao."

"Msumari wangu upo?"

Ningeweza kudanganya.

"Niliung'oa."

"Kofia niliiacha nje kila siku, shemeji. Wewe ulitaka niache na kichwa." Akanyanyuka. "Kubeba nitabeba, hata mkiniita saa hii. Kikaoni siji mpaka uugongomee mwenyewe, wote wakikuona. Wakuulize kwa nini uliung'oa, na uwajibu."

Alhamisi nikasimama mlangoni na nyundo, wanachama wote nyuma yangu, naye ng'ambo ya barabara amekunja mikono. Nikawaambia nilichofanya. Kisha nikagonga. Tundu la zamani lilikuwa limelegea, msumari ukaanguka, nikauokota, ukaanguka tena. Ikabidi nitafute sehemu ya ukuta isiyotobolewa. Ilikuwapo moja tu, kando ya msumari wangu.