Glasi ya Kwanza ya Mzee Ngugi

Mzee Ngugi alikuwa ameonja pombe ya muratina ya kila boma la ukoo wao, lakini pombe kali ya miwa hakuwa ameijua hadi Jumamosi ile alipomrudishia jirani yake Katee wilbaro.

Katee alikuwa uani, pale Noonkopir, akiipika. Kazi hiyo alifunzwa na mama yake kule Kangundo, na sasa alikuwa na leseni yake ukutani. Miwa ilitoka Kimana. Aliikamua, akaacha maji yake yachachuke siku nne kwenye pipa, kisha akayachemsha. Mvuke ulipita kwenye mrija wa shaba uliozamishwa ndani ya maji baridi, ukatoka upande wa pili tone kwa tone.

"Mama Nzioka, mbona unamwaga?" Ngugi aliuliza, akimwona anamimina kikombe kizima mtaroni.

"Ya kwanza kutoka hainywewi, Baba Mugure. Hiyo ndiyo mbaya, inaharibu macho. Ngoja hii."

Akamkingia kidogo kwenye glasi. Ngugi alinusa, akameza, akakohoa hadi kofia ikaanguka. Moto ulipopoa kifuani, kulibaki ladha ya majani mabichi na utamu wa mbali.

"Hii iko na heshima yake," alisema. "Ongeza."

"Hapana. Ya kujuana inatosha."

Kesho yake asubuhi, Wahu, mke wa Ngugi, aligonga geti akiwa amevaa nguo za kanisa.

"Mama Nzioka, ulimpa mzee wangu nini? Ameshindwa kusoma kitabu cha nyimbo. Ananiangalia na hanioni vizuri!"

Katee alikuwa amesikia habari za watu waliopofuka kwa pombe ya sumu. Alimwaga kikombe cha kwanza, hilo alilijua. Au alimwaga kidogo mno? Kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyozidi kutilia shaka macho yake mwenyewe. Aliichukua chupa ya pombe ile ile, akaifunga kwenye leso, akapanda na Wahu na mzee wake gari la jirani hadi hospitalini. Njiani Wahu alimpa mgongo.

"Mimi ndiye nilimpa," alimwambia daktari, msichana mpole mwenye miwani, akiweka chupa mezani. "Ipimeni. Kama ni kosa langu, niambieni."

"Usimlaumu, daktari," Ngugi alisema kitandani. "Ilikuwa kidogo tu, na ni mimi niliomba."

Daktari alimmulika machoni, akamtoboa kidole, akachukua damu nyingine ya maabara. Akauliza maswali. Kiu? Ndiyo, tangu Disemba. Kuamka kukojoa? Mara nne, mara tano. Na macho?

Ngugi alishusha sauti. "Wiki mbili hivi ukungu umekuwa ukija na kwenda. Sikusema. Mngeninyima funguo za pikapu."

"Ngugi!" Wahu alishangaa.

Walingoja karibu saa mbili kabla ya daktari kurudi na karatasi. "Hii ni sukari," alisema.

Katee aliruka. "Ndiyo, daktari, ni sukari ya miwa tu! Sikuweka kitu kingine, naapa!"

Daktari alicheka hadi akavua miwani. "Mama, si hiyo. Mzee ana ugonjwa wa sukari, na imepanda sana. Ndiyo imemtia ukungu machoni. Dalili ya sumu ya pombe hakuna. Tutamlaza, tuishushe polepole, na macho yatarudi. Mngekaa wiki nyingine, mngemleta akiwa hajitambui."

"Kwa hivyo glasi yangu haina makosa?" Ngugi aliuliza.

"Haina. Lakini hiyo ilikuwa ya mwisho."

Katee alitoka nje bila kuaga, akaketi kwenye benchi karibu na mwanamke wa mahindi ya kuchemsha. Alinunua hindi, akalishika mkononi huku machozi yakimtoka tu, mepesi, bila sauti. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Baadaye Wahu alikuja, akaketi kando yake.

"Nilikuwa nimeshakuhukumu," alisema. "Nisamehe."

"Hata mimi nilikuwa nimejihukumu, Mama Mugure."

Katee alilivunja hindi katikati, akampa nusu kubwa.