Dengu za Mama Mkwe

Mimi ni mpishi. Nalisha wafanyakazi wa kiwanda kizima, na jikoni sifundishwi na mtu. Basi mama mkwe alipotoka hospitali, kabaki mifupa mitupu, akaniambia imani yake haimruhusu nyama wala mchuzi wake hata tone, nilicheka.

"Mama, Mungu mwenye dunia yote hii aje kuchungulia sufuria yangu?"

"Wewe huamini, mimi naamini," akasema kwa upole. "Nipikie dengu tu, mwanangu."

Mume wangu akanikata jicho, yaani mwache mama. Nimwache? Wapi! Kila siku kazini nilichemsha mifupa, nikachuja mchuzi mpaka ukawa kama maji, nikaubeba kwenye chupa ya chai, na dengu za mama zikaivia humo. Tangawizi na kitunguu saumu nilivitia bila huruma, harufu isinisaliti. Nikajiambia, mgonjwa haulizwi dawa.

Na mama akapata nguvu. Akaanza kukaa, akasimama, mwisho akaninyang'anya ufagio. Mimi kichwa kikavimba.

Jumamosi wakaja wenzake wa ibada, kina mama watatu, kila mmoja na mkate wake mkobani. Ndiyo desturi yao: nyumba inayopika nyama hawali chakula chake. Mama akawakataza kuitoa.

"Leo mnakula hapa."

"Lakini mkweo si mwenzetu," mmoja akanong'ona, nami nasikia.

"Si mwenzetu, na hafichi. Hubishana nami mpaka mate yanamkauka! Lakini mkono wake naujua. Mungu wangu hamwamini, mimi ananiheshimu. Si niliwatolea ushuhuda kule kwenye ibada? Miguu hii imesimama kwa dengu tupu."

Akawapakulia mwenyewe. Wakafumba macho kuomba. Mimi nimesimama na sinia, jasho linanitoka. Mkubwa wao akainua kijiko.

"Jamani, msile!"

Mama akanigeukia. "Zimeungua?"

"Nimezipikia mchuzi wa mifupa, mama."

"Leo?"

Aliuliza kama mtu anayeomba. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ningesema leo tu, ningesema nilipitiwa.

"Siku zote, mama. Tangu utoke hospitali."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Wageni wakaweka vijiko chini, wakatoa mikate, wakamkatia mama kipande. Akakishika tu.

"Nilisimama mbele za watu, mwanangu," akasema. "Nikashuhudia."

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mjuaji mimi! Nilidhani namwibia ugonjwa, kumbe nilimwibia ushuhuda wake. Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe kuwaambia wenzake kwamba alikosea, wala jina langu hakulitaja.

Amenisamehe. Kasema mwenyewe, na mama si mtu wa maneno matupu. Nimenunua sufuria mpya, dengu nazipika kwa maji ya bomba, mbele ya macho yake, mlango wazi. Nikimpakulia anashukuru, anauliza habari za kazini, ananitania nimenenepa. Bakuli analisogeza pembeni, eti ameshiba. Kisha anachukua ndizi, anaigeuza huku na huku kuangalia kama ganda limepasuka, anaimenya mwenyewe.