Chupa Chini ya Mto

Bosi, ambaye wafanyakazi walimwita Mtaalamu ingawa hakuna aliyejua alisomea wapi, alikuwa na tabia ya kuchovya kidole kwenye beseni la unga wa majani, kukilamba, kisha kukorogea kidole kile kile. Mwepesi, mjazaji wa kapsuli aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa vidole vyake, aliangalia pembeni. Aliona kinyaa, lakini kazi ni kazi.

Kilichomchefua zaidi ni kinu. Humo Mtaalamu alitwanga vidonge vya hospitali vya kushusha sukari, akavichanganya kwa kukisia na majani ya zamani yenye mavi ya panya, halafu chupa za dawa hiyo ya kisukari zikabandikwa "Asili Tupu, haina madhara". Siku moja Mwepesi alimuuliza mbona yeye mwenyewe ana kisukari na hainywi dawa hiyo. Mtaalamu akacheka mpaka kitambi kikatikisika, akasema yeye ana daktari wake, bwana. Mwepesi naye akacheka. Wanywaji hakuwajua, hivyo hawakumkosesha usingizi.

Jumamosi jirani akampigia simu kwamba mama yake, ambaye naye ana kisukari, kaanguka jikoni. Alimkuta kitandani amelowa jasho, shuka linanuka mkojo, jirani akimlisha uji wenye sukari nyingi. Nesi alikuwa amekuja kumpima, akasema sukari imeshuka mno, labda mgonjwa kazidisha dozi ya vidonge vyake. Mama aliapa hajazidisha.

Jirani alipokwenda kwake, Mwepesi akashika bakuli la uji na kuinua mto auweke sawa. Chini yake palikuwa na chupa ya Asili Tupu, imebaki nusu.

"Mama, unakunywa hii pamoja na vidonge vya kliniki?"

"Hayo ni majani tu, mwanangu. Nilinunua kimyakimya nisikusumbue. Watu wanaogopa vitu feki. Mimi niogope nini? Si umejaza wewe?"

Mwepesi alitamani kumtukana mtu, lakini Mtaalamu hakuwepo, na vidole vilivyojaza chupa ile vilikuwa vyake. Akamweleza mama yote: kinu, vidonge vya hospitali, mavi ya panya, kidole. Hata kile kicheko hakukificha. Kisha akachota uji, akampelekea kijiko mdomoni.

Mama alikitazama kijiko, akavitazama vidole vilivyokishika. Akafunga mdomo, akageukia ukutani.

"Mwite jirani," akasema. "Anilishe yeye."